Taa ya Hatua Moja: Neno la Mungu Lilivyotufikia Pwani ya Kusini



Kwaya yetu inapotimiza miaka 50, habari za sare, safari na kanda tulizorekodi mtazisoma katika kurasa nyingine. Sisi wazee wa kwaya tumeombwa tueleze jambo moja: Neno tunaloliimba lilitufikiaje huku Diani, Msambweni na vijiji vya Kwale, nalo limetuongoza vipi.

Zaburi ya 119, mstari wa 105, hulifananisha Neno na taa ya miguu. Vijana mliozaliwa na kukuta stima huenda msiuone uzito wake. Sisi tuliofanya mazoezi kwa koroboi twaujua. Ukitoka mazoezini usiku, koroboi mkononi, huoni nyumbani unakokwenda. Waona pale tu utakapokanyaga. Ukishakanyaga, mwanga nao wasogea. Neno limekuja pwani hii kwa mwendo huo huo.

Mwaka wa 1844 Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe, Rosine. Mwaka huo huo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa. Jambo hili tusilipite haraka, sisi tunaoishi mtaa mmoja na ndugu zetu Waislamu. Maandiko ya kwanza ya Kiswahili yaliandikwa kwa msaada wa jirani Mwislamu. Mwezi wa Julai, Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Krapf hakurudi kwao. Mwaka wa 1846 yeye na Johannes Rebmann walifungua misheni Rabai, na mwaka wa 1848 akaja upande wetu, akapita nchi ya Wadigo akielekea Usambara kwa mfalme Kimweri.

Rebmann alikaa Rabai hadi mwaka wa 1875, karibu miaka 29. Waumini walikuwa wachache mno, nayo macho yake yakapofuka. Aliondoka akiongozwa na mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo, aliyemsindikiza hadi Ulaya. Mwaka wa 1876 Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa, na mwaka huo huo akafariki. Mtu aliyefanya kazi ili wengine waone nuru hakuweza tena kuisoma kazi yake mwenyewe.

Kule Unguja, Askofu Edward Steere alitafsiri Agano Jipya, likachapishwa mwaka wa 1879. Alifariki mwaka wa 1882, kabla ya Biblia nzima ya Kiunguja kutoka mwaka wa 1891. Mombasa nayo ikapata Biblia nzima kwa Kimvita mwaka wa 1914. Ndipo mwaka wa 1952 ikatoka ile Biblia ya pamoja, Union Version, ambayo wengi wetu tulikabidhiwa siku ya kipaimara. Hakuna hata mmoja kati ya wale wa kwanza aliyeiona. Kila mmoja aliangaziwa hatua yake, akaikanyaga.

Nasi tulifikiwa na usiku wetu. Tarehe 13 Agosti 1997 ghasia zilianza Likoni, zikaenea hadi huku Kwale. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na maelfu wakakimbia makwao, wengi wao watu wa bara. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni. Katika kwaya yetu, safu ya besi ilibaki na watu wawili.

Jumapili moja tulikutana wachache, tukaulizana kama tufunge kwaya. Wengine walisema si haki kuimba wenzetu wakiwa hawana pa kulala. Wengine waliogopa tu, na hatuwalaumu. Mwalimu wetu wa kwaya hakutoa hotuba. Alifungua Yeremia 29, barua ya nabii kwa watu waliohamishwa kwao, akatusomea pale wanapoagizwa kuutakia amani mji wanamokaa. Kisha akafunga kitabu, akauliza, "Basi kesho tufanye nini?"

Neno halikutujibu ni nani aliyekosa, wala lini wenzetu wangerudi. Lilituonyesha hatua moja. Siku ya pili tulikwenda kumshukuru mama mmoja, jirani Mwislamu, aliyewaficha watoto wa mwanakwaya wetu chumbani mwake usiku ule. Hatukwenda na wimbo. Tulikwenda na sukari na majani ya chai. Tukaketi naye, tukalia naye. Kutoka hapo tukapata nguvu ya kwenda kwa jirani wa pili, na baadaye kuimba tena. Wengine wetu walirudi. Wengine hawakurudi kamwe, na leo tunawakumbuka kwa majina katika maombi.

Mwaka wa 2007 Agano Jipya la Chidigo lilitoka. Ndugu zetu Wadigo waliokuwa wakisikiliza Injili kwa Kiswahili cha kanisani sasa wakaisikia kwa lugha ya mama zao. Hiyo nayo ni hatua, na ilichukua zaidi ya miaka 150 tangu Krapf apite hapa.

Vijana wetu, tunawakabidhi daftari za nyimbo, lakini tunawasihi: kabla hamjagawana sauti, someni kwanza Maandiko ambayo wimbo umetoka. Msiyatafute kama mtu anayetaka kuonyeshwa miaka 50 ijayo. Sisi hatukuonyeshwa. Yasomeni mkiuliza swali la mwalimu wetu: basi kesho tufanye nini? Kisha mkifanye.

Tumefika hapa kwa msaada wake. Ebenezeri! Mungu awabariki nyote.