Swali la Mke wa Mzee Mjinga

Ngano za kale za China zenye mafunzo ya maadili ni nyingi, lakini chache zimetumikishwa na siasa kama ile ya Mzee Mjinga aliyehamisha milima. Imo katika Liezi, kitabu cha kale cha falsafa ya Dao. Mzee wa karibu miaka 90 alichoshwa na milima ya Taihang na Wangwu iliyoziba njia mbele ya nyumba yake, akaazimia kuiondoa. Mzee mwingine, aliyeitwa Mwerevu, alimcheka. Mjinga akamjibu kwamba yeye akifa watabaki wanawe na wajukuu, ilhali milima haiongezeki kimo. Mungu wa mbinguni akavutwa na moyo wake, akaamuru milima ihamishwe.

Tarehe 11 Juni 1945, huko Yan'an, Mao Zedong aliisimulia ngano hiyo akifunga Mkutano Mkuu wa 7 wa Chama cha Kikomunisti. Milima ikawa ubeberu na ukabaila. Mungu akawa umma wa Wachina. Baadaye, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, hotuba hiyo ilikuwa miongoni mwa maandishi matatu ya Mao yaliyokaririwa nchi nzima.

Hata hivyo, katika Liezi, kabla ya jembe kuinuliwa, mzee aliita familia yake kikaoni. Mkewe akauliza: ikiwa nguvu zako haziwezi hata kilima kidogo, utaiwezaje milima hii? Na udongo na mawe vitatupwa wapi? Hakuna aliyemkemea. Walijibu kwamba vitapelekwa kwenye Bahari ya Bohai, na kazi ikaanza. Katika hotuba ya Mao, mke huyo hayumo.

Pengo hilo lanishughulisha kwa sababu ya yaliyofuata. Mwaka 1958 ilianza kampeni ya Mruko Mkuu wa Kwenda Mbele. Maofisa wa mikoani walitia chumvi takwimu za mavuno, na serikali ikachukua nafaka kwa kufuata takwimu hizo. Julai 1959, kwenye mkutano wa Lushan, Waziri wa Ulinzi Peng Dehuai alimwandikia Mao barua ya kueleza kasoro za kampeni. Mao akaisambaza kwa wajumbe. Peng akashutumiwa, kisha akaondolewa madarakani. Njaa iliendelea hadi 1961 na kuua mamilioni ya watu.

Sidai kwamba ngano ndiyo iliyoleta njaa. Nadai kwamba ngano yenyewe ilikuwa na hekima kuliko matumizi yake. Inatofautisha waulizaji wawili: Mwerevu aliuliza ili kazi isifanyike, mke aliuliza ili kazi iwezekane. Dola iliyowaweka wote wawili katika kapu moja la maadui ilibaki na makofi, bila mtu wa kuuliza udongo utatupwa wapi.