Ugomvi wa usingizi kati ya Android na Linux

Simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1, ilipoingia sokoni Marekani Oktoba 2008, kerneli yake, yaani kiini cha mfumo wake, ilikuwa Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Ila wahandisi wa Google walikuwa wameichonga upya ili ifae kifaa chenye betri ndogo, na mengi waliyoyaongeza hayakuwa yamerudishwa kwa mradi mama.

Kilichozua ugomvi ni usingizi. Linux ya kompyuta ilingoja kuambiwa ilale. Android ikageuza kibao: simu ilale kila ipatapo nafasi, isipokuwa kuna programu au kiendeshi kilichoshika kufuli la kuizuia. Muziki ukipigwa skrini ikiwa imezimwa, kufuli limeshikwa. Likiachiwa, prosesa inalala. Programu ikisahau kuliachia, chaji inaisha na simu hujaigusa.

Mwaka 2009 Google ilipeleka msimbo huo kwa watunzaji wa Linux, nao wakaukataa. Walihoji kwa nini programu ya kawaida ipewe mamlaka ya kuikesheza mashine nzima. Mwaka 2010 ukarudi kwa jina jingine, na malumbano yakawaka upya. Mwezi Februari mwaka huohuo, toleo la 2.6.33 la Linux lilitoka bila viendeshi vya Android: Greg Kroah-Hartman, mtunzaji wa sehemu ya majaribio ya Linux, alikuwa ameviondoa humo kwa kuwa hakuna aliyevihudumia. Kwangu mimi alifanya sawa, ingawa waliobeba mzigo ni watengenezaji wa vifaa. Kiendeshi kilichoandikwa kwa kutegemea kufuli la Android hakikuweza kupokewa na Linux isiyo na kufuli hilo.

Hata hivyo, Google walikuwa na hoja. Simu ikipigwa sekunde ileile kifaa kinapojiandaa kulala, Linux ya wakati huo ingeweza kuendelea kulala na kuikosa. Rafael Wysocki, mtunzaji wa masuala ya umeme katika Linux, aliliona tatizo hilo akaandika suluhisho lake mwenyewe, lililoingia toleo la 2.6.36, kisha mwaka 2012 toleo la 3.5 likakamilisha kazi kwa namna ambayo Android ingeweza kuitumia. Toleo la 3.3, la Machi 2012, lilikuwa limeshaanza kurudisha vipande vingine vya Android. Binder, njia ambayo programu za Android huzungumziana, ilitoka sehemu ya majaribio mwaka 2015.

Mpasuko haukwisha, ulihamia chini. Kampuni za chipu kama Qualcomm na MediaTek ziliongeza msimbo wao, kisha waunda simu wakaongeza wa kwao. Mwaka 2019 watafiti wa Google walikuta wadukuzi wakitumia kasoro ya Binder iliyokuwa imeshazibwa katika Linux zaidi ya mwaka mmoja nyuma, lakini kiraka hicho hakikuwa kimezifikia simu nyingi, Pixel 2 ya Google yenyewe ikiwamo.

Ndipo Google ikalazimisha kerneli moja ya pamoja: simu zilizozinduliwa na Android 12 zikitumia kerneli 5.10 ziliichukua kama ilivyojengwa na Google, na msimbo wa kampuni za chipu ukakaa pembeni kama moduli. Mwaka 2022 toleo la 5.18 likaifuta ashmem, mfumo wa kugawana kumbukumbu uliobuniwa na Android, kwa kuwa Linux ilikwisha kuwa na memfd, inayofanya kazi hiyohiyo.