Portia Aliyeshindwa: Sarah Siddons na Tuzo za Waigizaji Chipukizi

Mwaka jana, katika mchezo wetu wa kufunga mwaka, mimi nilikuwa Portia. Tulicheza Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Wengi wenu mlikuwepo ukumbini, kwa hiyo sina haja ya kuficha: kwenye onyesho la mahakamani sauti yangu haikuvuka safu ya nne. Jamaa wa nyuma wakaanza, "Hatusikii, dada!" Usiku ule ule ikatolewa tuzo ya mwigizaji bora chipukizi, na jina langu halikutajwa. Ilikuwa haki kabisa, wala sina kinyongo. Kilichoniuma ni neno la mwamuzi mmoja wakati wa kutoa tuzo, kwamba mwigizaji wa kweli huonekana siku ya kwanza. Ama anacho kipaji, ama hana.

Sasa chama chetu kinataka kuanzisha tuzo ya kila mwaka kwa waigizaji chipukizi, ipewe jina la fanani mmoja mkongwe aliyekwisha fariki. Wazo ni zuri. Lakini kabla hatujachonga hiyo sanamu, hebu tujiulize: tunapoita tuzo ya vijana kwa jina la mtu wa kale, tunaenzi kitu gani hasa katika maisha yake? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo kwa kuangalia historia ya mwigizaji mmoja wa Uingereza, Sarah Siddons, na tuzo iliyokuja kupewa jina lake.

Siddons alizaliwa tarehe 5 Julai 1755 katika mji wa Brecon, Wales. Baba yake, Roger Kemble, alikuwa na kundi la waigizaji wa kuhamahama, leo mji huu, kesho ule. Kwa hiyo binti huyu alikulia jukwaani. Mwaka 1773 akaolewa na William Siddons, naye mwigizaji. Miaka miwili baadaye akaitwa London na David Garrick, bwana mkubwa wa jumba la maonyesho la Drury Lane, mtu ambaye neno lake lilikuwa sheria katika sanaa ya maonyesho ya wakati ule.

Tarehe 29 Desemba 1775, Siddons akapanda jukwaa la Drury Lane kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 20. Na nafasi aliyopewa? Portia! Nilipoyasoma haya maktabani nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa meza ya pili akanigeukia. Maana Siddons naye alishindwa. Sauti ilikuwa dhaifu, mwili unatetemeka, wahakiki wa magazeti hawakumhurumia. Msimu ulipokwisha mwaka 1776, akaarifiwa kwamba hahitajiki tena.

Hapa mhakiki hana budi kutazama mazingira, si kipaji peke yake. Tarehe 5 Novemba mwaka ule ule wa 1775, Siddons alikuwa amejifungua mtoto wake wa pili. Yaani alipanda jukwaa kubwa kuliko yote nchini kabla hata miezi miwili haijatimia tangu uzazi, katika jiji asilolizoea, mbele ya hadhira isiyomjua. Waamuzi wa London waliona mwanamke mwenye sauti ndogo. Hawakumwona mzazi. Kama usiku ule kungekuwa na tuzo ya chipukizi, Siddons asingeambulia kitu, na yule mwamuzi wetu angesema, "Huyu hana."

Akarudi mikoani. Miaka sita alicheza katika miji kama Manchester, York na Bath, nafasi baada ya nafasi. Alicheza hata Hamlet mwenyewe, mwanamume, wakati wanawake wengi wa jukwaani hawakuthubutu. Huko ndiko sauti ilikokomaa. Mwaka 1782 London wakamwita tena, na alipowaaga watu wa Bath aliwaletea jukwaani watoto wake watatu: hizi ndizo sababu zangu za kuondoka. Tuizingatie ishara hiyo. Alikuwa mfanyakazi anayetafuta ujira wa kulisha familia, na hakuona haya kuwaambia mashabiki wake hivyo.

Tarehe 10 Oktoba 1782 akasimama tena Drury Lane, safari hii akiwa Isabella katika tanzia ya mke anayedhani mumewe amekufa. Ukumbi mzima ulilia. Tangu hapo hakushuka. Mwaka 1784 Joshua Reynolds alionyesha picha aliyomchora kama malkia wa tanzia, ameketi kitini pa enzi. Tarehe 2 Februari 1785 akacheza Lady Macbeth. Katika onyesho la kutembea usingizini, desturi ilikuwa mwigizaji ashike mshumaa mkononi mpaka mwisho. Siddons akauweka chini, ili mikono yote miwili iwe huru kunawa damu isiyokuwepo. Sheridan, mkuu wa jumba na mwandishi wa tamthilia, alimsihi asithubutu. Akakataa, na hadhira ikampa haki. Alipoaga jukwaa tarehe 29 Juni 1812 alicheza nafasi hiyo hiyo, na onyesho hilo lilipokwisha watazamaji hawakukubali mchezo uendelee.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, maana tuzo yenyewe ilianzia huko, tena kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1950 ilitoka filamu iitwayo All About Eve, ya Joseph L. Mankiewicz. Inaanza na hafla: Chama cha Sarah Siddons kinampa tuzo binti mwigizaji, Eve Harrington. Kisha tunarudishwa nyuma kuona alivyoipata: kwa kujipendekeza kwa mwigizaji mkubwa, kudanganya, na kumpora nafasi. Filamu inaisha na msichana mwingine ameishika tuzo ile, anainama mbele ya kioo kana kwamba anashangiliwa. Hajaigiza lolote bado. Anachotaka ni tuzo.

Chama hicho hakikuwepo duniani. Kilikuwa kejeli ya mtunzi. Lakini mwaka 1952 wapenzi wa maonyesho wa Chicago wakakianzisha kweli kweli, wakaanza kuwatuza waigizaji, na sanamu yao ikafuata picha ya Reynolds. Yaani jina lilitokana na filamu inayowaonya watu juu ya tuzo!

Je, niwacheke watu wa Chicago? La hasha. Chama hicho baadaye kilianza pia kuwalipia masomo wanafunzi wa sanaa za maonyesho, na kwa mtazamo wangu hapo ndipo kilipomkaribia Siddons mwenyewe. Huyu mama hakukosa sanamu mwaka 1776. Alikosa mtu wa kumwambia, "Endelea, tutakuona tena." Kiti cha enzi cha Reynolds ni Siddons baada ya kushinda, na sisi hupenda kuenzi ushindi. Chipukizi anamhitaji zaidi yule Siddons wa Bath.

Wapo watakaosema ninatetea uzembe, kwamba sizitaki mbichi hizi. Sikatai kwamba ushindani hunoa. Lakini usiku mmoja hauwezi kupima mtu wa miaka ishirini. Kwa hiyo napendekeza kwa chama: tuzo yetu isitolewe kwa onyesho moja, itazame kazi ya miaka miwili, iwe fedha ya vitabu na nauli ya mazoezi badala ya sanamu ya kuweka kabatini, na aliyeshindwa mwaka wa kwanza asifutwe kwenye orodha.

Mwaka huu nimeomba tena nafasi. Nimepewa ya mjakazi, mistari kumi na mmoja tu. Ninyi mtakaokaa safu za nyuma, mkiacha kunisikia, pigeni kelele kama mwaka jana.