Malezi ya Uongozi wa Kikristo Mombasa, 1597–1930

Kisiwa cha Mombasa kimepata kuwa uwanja wa majaribio mawili ya kuwalea viongozi wa Kikristo wenye asili ya Kiafrika na ya pwani. La kwanza liliishia katika umwagaji damu ndani ya Ngome ya Yesu, na la pili lilizaa makasisi wa mwanzo Waafrika wa Kianglikana katika nchi ambayo leo huitwa Kenya. Majaribio yote mawili yalianzia upande wa pili wa Bahari ya Hindi, katika shule za India, na hivyo tofauti ya matokeo yake haiwezi kuelezwa kwa elimu peke yake. Sababu yake imo katika yale waliyotendewa wanafunzi hao baada ya kurudi.

Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, nyuma yao walikuja watawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino, ambao mnamo mwaka 1597 walifungua nyumba yao mjini. Yusuf bin Hasan, mwana wa sultani aliyeuawa kwa hila za nahodha wa ngome, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akasomeshwa na watawa hao, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarejeshwa mwaka 1626 kukalia kiti cha babake. Alipewa jina, cheo na adabu za Kireno, lakini manahodha wa ngome walimdharau mbele ya raia zake, na jeraha la kifo cha babake halikupata mtu wa kulitibu. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba kwa desturi ya Kiislamu kwenye kaburi la babake, na kwamba kwa kuhofia kushtakiwa Goa aliivamia ngome mnamo Agosti 1631, akamuua nahodha, na baada yake wakauawa Wakristo wengi waliokataa kuiacha imani. Wengi wa waandishi wa kale walimwita msaliti na kuishia hapo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwa sababu malezi yaliyomtenga mtoto na jamaa zake, kisha yakamrudisha atawale chini ya watu wanaomdharau, yalimpa alama za nje za uongozi pasipo nafasi ya kuaminiwa na yeyote.

Jaribio la pili lilianza karne ya 19. Johann Ludwig Krapf wa Church Missionary Society, yaani chama cha misheni cha Waanglikana, alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya miezi michache akamzika mkewe ng'ambo ya kisiwa. Mwaka 1846 aliungana na Johannes Rebmann, wakahamia Rabai. Rebmann alibaki huko karibu miaka thelathini akiwa na waumini wachache sana, na mwaka 1864 alipokea wasaidizi kutoka India, ambao historia inawaita Waafrika wa Bombay: watu waliotekwa utotoni, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik. Miongoni mwao walikuwa William Henry Jones, Ishmael Semler na George David.

Price, mmisionari wa chama hicho, alipoanzisha kijiji cha Freretown huko Kisauni, kuanzia mwaka 1874, ng'ambo tu ya Mji wa Kale ambako wenye watumwa walikuwa wakiishi, Waafrika hao wa Bombay ndio waliokuwa wakalimani, walimu na wasuluhishi wa mateka walioachwa huru. Hata hivyo madaraka yalibaki mikononi mwa Wazungu, na mmoja wao, mwangalizi asiye kasisi aliyeitwa Streeter, aliwachapa viboko wakazi kwa ukali hata habari zikafika Uingereza, chama kikalazimika kumrudisha Price. George David alifariki mwaka 1884 bila kupewa daraja lolote, na Jones na Semler walifanywa mashemasi, yaani wahudumu wa daraja la kwanza, na Askofu James Hannington mwaka 1885, baada ya kutumika kwa miaka ishirini na moja. Barua za mitume zinataka shemasi ajaribiwe kwanza, lakini kungoja kwa muda huo kulipita mipaka ya kujaribu.

Uongozi wa Jones ulionekana wazi mwaka huohuo. Akiwa safarini kwenda Buganda, Hannington alimwacha Kwa Sundu, mahali panapoitwa Mumias siku hizi, pamoja na wapagazi wapatao mia moja na hamsini, akatangulia Busoga na watu hamsini, akauawa mwishoni mwa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda. Habari zilipomfikia, Jones hakukimbia. Alingoja mwezi mzima, asije akamwacha nyuma mtu aliye hai, kisha akauongoza msafara wenye njaa na woga hadi Rabai, ambako uliingia Februari 1886 ukitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, ambalo katika Biblia lina maana ya kwamba utukufu umeondoka. Cheo cha miezi michache hakikuwafanya wapagazi wamfuate. Walikuwa wamemjua Rabai, ambako aliwapokea watoro waliokimbia mabwana wao hata mabwana hao wakaja kudai watu wao, mgogoro uliotulizwa baadaye kwa fidia iliyolipwa na kampuni ya Waingereza mwishoni mwa mwaka 1888.

Ukasisi kamili Jones na Semler waliupata mwaka 1895 tu, kutoka kwa Askofu Tucker. Kanisa kuu la kisiwani, lenye kuba linalofanana na majengo ya Kiarabu, liliwekwa wakfu mwaka 1905 kwa kumbukumbu ya maaskofu, Hannington akiwa mmoja wao. Aliyewarudisha watu wake salama anastahili heshima kama hiyo. Chuo cha theolojia kilichofunguliwa Freretown mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St Paul's.