Picha ya 37

Kamera niliyoishika kwenye picha yangu ya 37 ni mbovu. Kitufe chake kilikwama zamani, nikabaki nayo kwa sababu ya mkoba wake wa ngozi. Ile nzima, Yashica, ilikuwa mikononi mwa mpwa wangu. Ndiye aliyenipiga, hapa Ziba, siku ya mnada, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo ukimwona mpiga picha amepiga pozi na kamera yake, jua inayofanya kazi ameishika mwingine.

Mkanda uliandikwa picha 36. Mimi nilikuwa nauvalisha chini ya mwembe, nimelipa jua mgongo. Nachomeka ule ulimi, nazungusha kidogo tu meno yashike vitundu, nafunga. Ukiuvuta ovyo unaupoteza. Ukiwa na mkono mwepesi unapata ya 37. Zile 36 zilikuwa za wateja, wameshatanguliza pesa. Ya 37 ilikuwa yangu.

Huku kwetu, katika njia ya misafara kutoka pwani hadi Tabora, kamera zilianza vibaya. Mwaka 1860 James Grant aliondoka pwani pamoja na John Speke kutafuta chanzo cha Nile, na kazi ya kupiga picha ilikuwa yake. Enzi hizo mtu alipaka kioo dawa, akakipiga kikiwa bado kibichi, akakisafisha palepale kabla hakijakauka; kupaka na kusafisha kulifanyika ndani ya hema lililozibwa mwanga usipenye. Speke aliona kazi hiyo ni nzito mno kwa hali ya hewa ya huku, akazirudisha zana. Walipoingia Kazeh, Tabora ya leo, Januari 1861, Grant alikuwa amehamia kwenye kuchora kwa rangi za maji.

Simcheki. Mkanda uliwahi kunikatikia ndani ya kamera saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, nikajifunika mablanketi mawili ili niutoe kwa kupapasa. Nilitoka nimelowa kama niliyevuliwa kisimani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, mizigo ikashuka vichwani mwa wapagazi. Ziba hatukupata reli. Mikanda yangu ilipanda basi kwenda kusafishwa, na picha zilirudi baada ya wiki mbili, pengine zaidi. Safari moja bahasha ilirudi na harusi ya watu nisiowajua kabisa, huku wateja wangu wamejaa mlangoni. Nililala kwa shemeji siku tatu.

Watu walipenda kupigwa na kitu: redio mapajani, baiskeli ya jirani, saa yangu ya mkononi ambayo nadhani imo katika nusu ya albamu za kata hii. Ila sharti lilikuwa moja. Mzee atoke mnadani ameuza ng'ombe, amenunua viatu, halafu umpige kuishia kifuani? "Mpaka chini, fundi!" Ukikata miguu, hulipwi, na kelele zake zinasikika mpaka Nkinga.

Mpwa wangu nilimfundisha hayo yote. Siku ile nilivaa suruali iliyopigwa pasi na raba mpya nyeupe, nikaitundika ile mbovu shingoni, kidole juu ya kitufe kilichokwama.

"Mjomba, tulia hivyohivyo."

Wiki mbili baadaye nikaichomoa kwenye bahasha. Sura imetoka safi, kamera inang'aa. Kwenye magoti, picha imekwisha.