Njeo ya Kifaransa iliyohama vinywani ikabaki vitabuni

Mwaka 1637 watu wa Paris waligombana kwa sababu ya tamthilia. Le Cid, kazi ya Pierre Corneille, ilikuwa imewapendeza watazamaji, lakini mahasimu wake wakadai imevunja kanuni za sanaa. Kardinali Richelieu akataka shauri hilo liamuliwe na Académie française, baraza la lugha alilolianzisha mwaka 1635. Baraza likaipekua tamthilia mstari kwa mstari. Mahali fulani likamnasa mwandishi kwa kitenzi kimoja tu. Mwinyi aliyempiga kofi mzee Don Diègue anakiri kosa lake siku ileile, naye anasema "je fis", nilifanya. Baraza likakataa. Alipaswa kusema "j'ai fait", kwa kuwa baina ya kofi na maungamo haukuwa umepita usiku.

Kifaransa kilikuwa, na kingali, na njia mbili kuu za kutaja tendo lililokwisha. Ya kwanza ni ya neno moja: "je chantai", niliimba. Wafaransa huiita passé simple. Ya pili ni ya maneno mawili, kitenzi kisaidizi pamoja na kitenzi chenyewe: "j'ai chanté". Hiyo ni passé composé. Wanasarufi wa zamani walizigawia mipaka kwa saa. Henri Estienne, mchapishaji na msomi wa karne ya 16, alifundisha kwamba tendo la leo lichukue maneno mawili, na la jana kurudi nyuma lichukue neno moja. Mwaka 1660 Antoine Arnauld na Claude Lancelot wakaiweka kanuni hiyo katika sarufi yao mashuhuri ya Port-Royal. Ikajulikana kama kanuni ya saa 24.

Msomaji aliyelelewa katika Kihaya au Kikuyu hatashangaa. Lugha hizo zina maumbo tofauti kwa tendo la leo, la jana na la zamani, na mtoto huyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Huko Paris mipaka hiyo ililindwa zaidi na wasomi kuliko wasemaji, na ukuta wa usiku mmoja haukudumu.

Ili kuelewa kwa nini haukudumu, turudi kwenye Kilatini. Mrumi alisema "cantavi", niliimba, na neno hilo ndilo lililozaa "je chantai". Lakini pia aliweza kusema "habeo epistulam scriptam", yaani nina barua iliyoandikwa. Mwanzoni hiyo ilikuwa habari ya kumiliki: barua ipo, nami ninayo. Polepole macho yakahama kutoka kwenye barua hadi kwa aliyeiandika, na "nina iliyoandikwa" ikawa "nimeandika". Kovu la safari hiyo bado linaonekana. Mfaransa akiandika "la lettre que j'ai écrite", ile e ya mwisho hulipatanisha tendo na barua, kana kwamba barua ingali inamilikiwa. Kiswahili nacho kimepita njia inayofanana na hiyo: wataalamu wanakihusisha kiambishi -me- na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza.

Umbo lililoanza na matokeo ya leo likaimeza jana, kisha mwaka jana, kisha enzi za mababu. Njeo ya neno moja ikazidi kupotea katika mazungumzo ya Paris, na mwaka 1909 mwanaisimu Antoine Meillet akaandika makala kueleza kutoweka kwake. Sababu moja iko wazi. Njeo hiyo ina maumbo mengi yenye kutatiza: "je vins", "nous vînmes", "ils naquirent". Tena "je chantai" inakaribiana mno kimatamshi na "je chantais", nilikuwa nikiimba. Njeo ya maneno mawili haina mzigo huo: ukijua visaidizi viwili, avoir na être, umebakiza kujifunza umbo moja kwa kila kitenzi. Wala Wafaransa hawako peke yao. Wajerumani wa kusini na Waitalia wa kaskazini nao wameiacha njeo yao ya neno moja katika mazungumzo.

Hata hivyo, haikufa kila mahali. Huko Baie Sainte-Marie, katika jimbo la Nova Scotia nchini Kanada, wazawa wa walowezi Wafaransa waliendelea kuisema nyumbani, wakilainisha viambishi vyake ili vifanane.

Na vitabuni ilibaki kwa sababu ina kazi. Tuifikirie -ka- yetu: akaondoka, akafika, akabisha hodi. Kila tendo humsukuma mwenzake, na hadithi inatembea. Mwandishi wa Kifaransa huipa passé simple kazi hiyo, huku imparfait, njeo ya "je chantais", ikichora mandhari: mvua ilikuwa ikinyesha, mlango ulikuwa ukigongwa. Mwaka 1959 mwanaisimu Émile Benveniste alieleza kuwa passé simple na passé composé ni za mifumo miwili: mmoja wa masimulizi, ambamo matukio huonekana kujisimulia yenyewe, na mwingine wa mazungumzo ya mimi na wewe.

Mwandishi Albert Camus aliujua vizuri mgawanyo huo. Katika riwaya yake L'Étranger ya mwaka 1942 alimfanya mhusika mkuu, Meursault, asimulie kwa njeo ya maneno mawili, na matukio yakasimama moja moja kama visiwa, bila kamba ya kuyaunganisha. Mwanafalsafa Jean-Paul Sartre aliligusia jambo hilo mwaka uliofuata. Lakini katika La Peste, ya mwaka 1947, Camus aliirudia passé simple. Alichagua chombo kulingana na kazi.

Ndiyo maana ninahuzunika ninaposikia njeo hii ikiitwa maiti. Mwaka 2015 mihtasari mipya ya Ufaransa ilitaka watoto wa shule za msingi wajifunze hasa nafsi ya tatu, "il chanta, ils chantèrent", na ubishi ukazuka. Hoja ya watunga mihtasari ina uzito, kwa kuwa nafsi ya tatu ndiyo inayojaa hadithini. Hatari ni kurudi nyuma hatua nyingine, mpaka mtoto ashindwe kusoma ngano za nchi yake.

Kwa walimu wa Kifaransa wa kwetu, ninaomba jambo moja. Mfundisheni mwanafunzi kuongea kwa passé composé, kwa kuwa akiagiza mkate Paris kwa "je vins" watamshangaa. Lakini siku atakapofungua hadithi yake ya kwanza, mwonyesheni passé simple, mkianza na "il fut", "il dit" na "il vint". Mwambieni tu kwamba hii ndiyo -ka- ya Wafaransa, naye ataielewa.