Kadi ya shule ya zamani itafunguliwa na programu gani?

Microsoft imetangaza kwamba baada ya mwezi wa Oktoba 2026 haitaendelea tena na programu yake ya Publisher. Wale wanaoipata kwa kulipia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua nayo mafaili yao ya zamani. Kwa makampuni makubwa hiyo ni habari ndogo. Kwa nyumba ya uchapaji yenye kompyuta moja, printa moja na jenereta inayonguruma nje ya mlango, si ndogo hata kidogo. Publisher ni programu inayotumika sana katika nyumba za namna hiyo kwa kadi za wanafunzi, mialiko ya ndoa, ratiba za ibada na matangazo ya matanga. Na familia iliyokimbia ikaacha karatasi zake zote nyumbani, mara nyingine nakala ya pekee iliyobaki ni ile iliyo katika kompyuta ya mchapaji.

Wakaaji wa Fizi na Baraka wanajua thamani ya karatasi. Zamani za mashine ya kupiga chapa na roneo, hakukuwa na faili lolote. Herufi zilitoboa nta ya stensili, stensili ikavishwa kwenye roneo, mkono ukazungusha, wino ukapita katika matundu. Baada ya nakala mia kadhaa stensili ilichanika, ikatupwa. Kichwa cha barua pia kilibidi kipigwe upya kila mara, na vichwa vya barua nchini vimebadilika sana: Zaire mwaka 1971, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tena mwaka 1997. Kilichodumu ni karatasi yenyewe, kama ilihifadhiwa.

Mwaka 1996 vita vilipofika, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa Tanganyika kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo, Lugufu ikafuata mwaka 1997. Aliyefunga buletini ya mtoto ndani ya plastiki pamoja na nguo alikuwa na kitu cha kuonyesha. Aliyeiacha alibaki na maneno ya mdomo tu.

Wakati roneo bado inazunguka huku, kwingine kazi ilikuwa imegeuka. Mwaka 1985 vitu vitatu vilikutana: kompyuta ya Macintosh, printa ya LaserWriter ya kampuni ya Apple, na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja mezani aliweza kupanga ukurasa mzima, maandishi na picha, bila kiwanda cha herufi za risasi. Haikuwa rahisi kwa mfuko: printa peke yake iliuzwa dola 6,995. QuarkXPress ilikuja mwaka 1987, CorelDRAW mwaka 1989, Publisher mwaka 1991.

PageMaker, ile iliyoanzisha yote, haikuzeeka vizuri. Kampuni ya Adobe iliinunua Aldus mwaka 1994, ikatoa InDesign mwaka 1999, na PageMaker ikapata toleo lake la mwisho mwaka 2001. Kwa miaka kadhaa InDesign iliweza kufungua mafaili ya PageMaker. Halafu matoleo yaliyofuata CS6 yakaacha kabisa. Aliyekuwa ametunza miaka kumi ya kazi katika PageMaker alijikuta na sanduku lisilo na ufunguo, ingawa hakupoteza hata faili moja. Publisher sasa inaelekea njia hiyohiyo.

Kurudi kwa wakimbizi kutoka Tanzania kwa meli kupitia bandari ya Baraka kulianza mwaka 2005. Mwaka uliofuata kulikuwa na uchaguzi na bendera mpya ya nchi, na kila kadi yenye bendera ya zamani ikahitaji kutengenezwa upya. Kwa kazi za namna hiyo Publisher ilikuwa na sababu nzuri ya kupendwa. Ilikuja pamoja na Word na Excel katika matoleo mengi ya Office, ilikubali kompyuta dhaifu, na ilijua kuunganisha orodha: majina 300 ya wanafunzi yanaandikwa mara moja katika Excel, na kila jina linaingia lenyewe kwenye kadi yake. Anayefikiri hilo ni jambo dogo hajawahi kuandika majina 300 kwa mkono usiku mmoja, mafuta ya jenereta yakikaribia kwisha.

CorelDRAW ilishika kazi ya mabango, nembo na mihuri, kwa kuwa michoro yake inakuzwa bila kuharibika. InDesign ni bora kuliko zote kwa kitabu au gazeti, lakini tangu mwaka 2013 Adobe iliacha kuuza matoleo mapya moja kwa moja. Sasa ni malipo ya zaidi ya dola 20 kila mwezi, na programu inabidi iguse intaneti mara kwa mara ili iendelee kukubali. Canva, iliyoanza mwaka huohuo, inataka intaneti kwa karibu kila hatua. Mahali mtandao unapotea siku nzima, hayo si masharti madogo. Ndiyo maana nakala zisizo halali zinazunguka kwa flashi, na virusi zinazunguka nazo.

Kuna njia nyingine ambayo haikuzungumzwa vya kutosha. Scribus ilianza mwaka 2001, ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na inatoa PDF zenye rangi zinazofaa mashine kubwa za uchapaji. Ni nzito kuizoea, na kuandika ndani yake kunachosha. LibreOffice nayo ni ya bure, na sehemu yake iitwayo Draw inafungua mafaili ya Publisher tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013. Inafungua pia ya CorelDRAW, na hata yale ya PageMaker yaliyoachwa na wenyewe. Watu waliofanya kazi hiyo walichambua mafaili hayo bila msaada wa makampuni yaliyoyatengeneza.

Jambo hilo limezidi uzito tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23 na familia nyingi zikahama, wengine wakishuka upande wa kusini, wengine wakivuka kwenda Burundi. Mzazi anayefika bila buletini hatauliza ilitengenezwa na programu gani. Atauliza kama inaweza kutoka tena.

Draw ikifungua faili la Publisher, mara nyingi maandishi yanasogea, herufi zinabadilika, na picha ya mtoto inaweza kutoka katika fremu yake. Kwa kadi 300, kurekebisha moja baada ya nyingine ni kazi ya siku nyingi. Kwa mchapaji ambaye Publisher yake bado inafunguka, kugeuza faili hilohilo kuwa PDF, ambayo inabeba herufi zake ndani, ni kazi ya dakika moja, na nakala ya pili inaingia kwenye flashi inayolala nyumba nyingine.